Maswali ya Wasomaji: Laini Ilipokufa Jumamosi Jioni

Barua za mwezi huu zimenijia kwa fujo, na karibu zote zina kilio kimoja: pesa zimetoka na mwenyewe hajui zimetokaje. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi ni mstaafu wa kaunta ya benki, kwanza Nakuru halafu Kisumu, na siku hizi nina kibanda cha M-Pesa hapa Kondele. Kaunta ilinionyesha mengi. Nimewahi kupokea kadi iliyoandikwa nambari ya siri nyuma kwa kalamu ya wino. Mzee mmoja aliikwaruza kwa msumari juu ya plastiki yenyewe, kando ya jina lake, akaniambia ni kwa faida ya mke wake. Kwa hiyo sishtuki upesi. Majina ya walioandika nimeyaficha na tahajia nimeinyoosha.

*

Mama, mimi huuza samaki soko la Kibuye. Jumamosi jioni simu yangu ilipoteza mtandao. Nikasema ni shida ya kawaida, nikalala. Jumapili kanisani dada yangu ananiuliza kwa nini nimemwomba elfu tano kwa meseji. Jumatatu niliporudishiwa laini nikakuta M-Pesa ni sifuri, Fuliza imekopwa hadi mwisho, M-Shwari imekopwa, na akaunti ya benki niliyounganisha na simu imetolewa elfu arobaini na moja. Sikumpa mtu PIN, naapa. Waliingiaje? — Muuza Samaki, Kisumu

Pole sana, dada yangu. Nakuamini kwamba hukumpa mtu PIN. Hawakuihitaji. Walihitaji laini tu.

Mambo huenda hivi. Tapeli anapata jina lako kamili, nambari ya kitambulisho na pengine mwaka wa kuzaliwa. Anakwenda kwa mtu anayebadilisha laini, aliyedanganywa au aliyelipwa, anasema simu imepotea na anataka laini mpya yenye nambari ileile. Dakika nambari yako inapowaka kwenye simu yake, kwako inazimika. Ndiyo ile Jumamosi jioni yako. Kutoka hapo anabonyeza "nimesahau nambari ya siri" kwenye huduma ya benki, benki inatuma nambari ya muda ya kuthibitisha, na ujumbe unaingia kwake badala yako. Benki inaamini inaongea na wewe. Dada yako kanisani naye aliamini hivyohivyo.

Na kwa nini Jumamosi? Kwa sababu benki zimefunga na wewe umechoka. Wikendi ndiyo shamba lao.

Utauliza habari zako walizipata wapi. Jina lako si siri hata kidogo: yeyote akianza kukutumia pesa kwa M-Pesa, jina linamtokea kabla hajathibitisha. Nambari ya kitambulisho umeiacha kwenye kitabu cha mlinzi wa kila jengo uliloingia, na kwenye daftari la chama. Nina hakika kuna kikundi cha WhatsApp ambamo uliwahi kutuma picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, ili mweka hazina akusajili. Kilichobaki huwa kinajazwa kwa simu. Kumbuka vizuri: siku chache kabla ya hapo, hukupigiwa na kijana mwenye adabu akakwambia laini yako imesajiliwa mara mbili na itafungwa? Hao hawaulizi PIN siku hizi, wanajua tumeonywa. Anakusomea nusu ya habari zako ili uone ni mtu wa ofisini, nawe unamalizia nusu iliyobaki. Wengine hukwambia uzime simu kwa saa mbili "tunarekebisha mitambo", usije ukagundua laini imehama. Au wanakupigia mfululizo, simu baada ya simu, mpaka uizime mwenyewe kwa hasira.

Watu wa huku wakisikia haya husema mara moja, "Ni vijana wa Mulot." Ni kweli wapelelezi wa DCI wamekamata washukiwa wa mchezo huu katika eneo lile la mpaka wa Bomet na Narok, tena si mara moja. Lakini kusema Mulot kumetufanya tudhani mwizi yuko mbali. Wako anaweza kuwa alinunua mbuta kwako wiki iliyopita, akalipa kwa simu, akasoma jina.

Sasa kazi. Deni la Fuliza na M-Shwari usilinyamazie ukidhani litajifuta, wala usianze kulilipa kimyakimya kwa aibu. Nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, kisha uandike malalamiko mawili, moja kwa kampuni ya simu na moja kwa benki. Taja saa laini ilipozima na saa iliporudi. Kila shilingi iliyotoka kati ya saa hizo mbili ilitoka wakati laini haikuwa mkononi mwako, na kampuni ya simu ina kumbukumbu ya wakati laini ilibadilishwa na ilibadilishiwa wapi. Dai hiyo kumbukumbu. Omba upewe nakala ya malalamiko iliyogongwa muhuri, kwa sababu "tumepokea, mama, tutakupigia" si jibu. Nilikaa upande wa pili wa kaunta, najua.

Na wewe unayesoma ambaye bado hujaibiwa: ukiona simu haina mtandao, mtazame jirani wa mtandao uleule. Kama yake ina mtandao na yako haina, usilale. Azima simu yake saa ileile. Wa Safaricom wapige 100, au 234 kwa mambo ya M-Pesa, waseme laini ifungwe. Halafu benki. Nambari ya dharura ya benki iandike kwenye karatasi na uiweke nyumbani. Ukiihifadhi kwenye simu tu, itakusaidia nini simu ikiwa imekufa?

Leo hii, kabla hujapindua ukurasa, fanya mawili. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika na kitambulisho uikane. Kisha, kama uko Safaricom, piga *100*100#. Hapo laini yako haitabadilishwa tena kwa wakala yeyote, mpaka uende mwenyewe dukani kwao na kitambulisho. Inachukua muda mfupi kuliko kuchagua nyanya. Mteja wangu mmoja alilalamika eti siku akipoteza simu atasumbuka kusafiri hadi mjini. Nikamwambia ndiyo, na mwizi naye atasumbuka vilevile.

*

Mwalimu hapa Bungoma. Kadi yangu ya benki haijawahi kutoka mfukoni, lakini saa saba usiku nilipata ujumbe kwamba nimenunua kitu cha Sh130 kwenye duka la mtandaoni nisilolijua. Nikapuuza, ni pesa kidogo. Usiku uliofuata wakanunua mara nne, jumla zaidi ya elfu thelathini. Benki yangu inaniuliza kama nilimpa mtu kadi. Nitathibitishaje kwamba sikumpa? — Mwalimu

Mwalimu, hizo Sh130 ndizo zilizokuwa kengele. Ni kama dola moja. Anayenunua kadi za wizi haanzi na kitu kikubwa; hujaribu kwanza kuona kadi iko hai na mwenyewe amelala. Ulipopuuza, alipata majibu yote mawili.

Kadi kuwa mfukoni hakumzuii. Dukani mtandaoni hakuna anayeiona plastiki. Kinachonunua ni zile tarakimu 16 za mbele, tarehe ya mwisho wa kadi, na tarakimu tatu za nyuma karibu na sahihi. Nilikupigia nikakuuliza kama uliwahi kuziandika mahali, ukasema hapana, hapana, halafu ukakumbuka ule ujumbe wa "mzigo wako umekwama, lipa Sh89 upelekewe". Ulikuwa unasubiri vitabu, ukabonyeza, ukajaza kadi. Hapo ndipo ilipotoka. Shilingi 89 hazikuwa na maana kwao, walitaka ujaze zile nafasi tatu. Mtindo huo umezunguka dunia nzima kwa jina la posta na kampuni za kusafirisha mizigo, na unawapata watu makini kwa sababu kila wakati kuna mtu anayesubiri mzigo kweli.

Usihangaike kuthibitisha kwamba hukumpa mtu. Wewe pinga malipo. Kila benki ina fomu ya kupinga malipo ya kadi, na benki huipeleka kwa mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, ambao nao humuuliza mwenye duka aonyeshe ushahidi kwamba aliyenunua ni wewe. Akishindwa, pesa hurudi. Kanuni za mitandao hiyo kwa kawaida hutoa siku 120 tangu malipo, lakini usizihesabu. Nenda wiki hii. Kila malipo yaandikie mstari wake: tarehe, saa, kiasi, jina la duka kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti. Zile Sh130 za kwanza zipinge pia. Zikibaki, mtu wa benki atasema, "Lakini hili duka ulilikubali juzi." Na ule mzigo wa Sh89 usiufiche. Ukiulizwa, sema ulivyofanya, maana wao wanaona ulilipa.

Kadi hiyo ifungwe kabisa, upewe yenye nambari mpya. Kubadilisha PIN pekee hakusaidii, maana PIN haikutumika. Ukipata mpya, ziandike zile tarakimu tatu mahali pa siri nyumbani, halafu zifunike kwa kipande cha stika isiyotoka ovyo. Katika programu ya benki yako tafuta sehemu ya kuzima ununuzi wa mtandaoni. Benki nyingi zinayo siku hizi, na kama yako haina, waombe tawini wakuwekee kiwango kidogo cha siku. Ukitaka kununua mtandaoni, tumia kadi isiyo na mshahara ndani yake: akaunti ya pili unayoitia pesa za kununulia tu, au ile kadi ya M-Pesa GlobalPay ambayo Safaricom na Visa walianzisha 2022, unayoweza kuisimamisha mwenyewe kwenye simu.

Umeniuliza pia kama kadi inaweza kunakiliwa ukilipa nayo kituo cha petroli. Ile chipu ya dhahabu mbele ya kadi hutengeneza nambari mpya kila inapolipa, kwa hiyo kuinakili ni kazi ngumu. Ukanda mweusi wa nyuma haubadiliki, na huo hunakiliwa kwa kifaa kinachoenea kiganjani, kadi ikipitishwa mara moja tu. Ndiyo maana hutaki kadi ipelekwe "ndani kidogo, mashine iko kaunta". Mashine ije kwako kwenye gari, au wewe uifuate kadi. Mhudumu mwaminifu hatakasirika. Nimekuta walimu, samahani kusema, wanaoona haya kumfuata mhudumu lakini hawaoni haya kumsomea PIN kwa sauti ili wasishuke garini.

*

Mama, nyanya yangu wa Njoro alipata ujumbe kwamba ametumiwa Sh3,500, halafu mwanamke akapiga simu akilia kwamba ni za dawa ya mtoto na zimeenda kimakosa. Nyanya akazirudisha. Hakuna kilichokuwa kimeingia. Baba anamgombeza kila siku. Tufanye nini? — Mjukuu

Kwanza baba anyamaze. Nyanya akigombezwa kwa hili, lijalo hatawaambia, na lijalo litakuwa kubwa zaidi. Nimeona mama mzima, mwenye ng'ombe na ploti, akificha wizi wa laki kwa miezi kwa kuogopa wanawe.

Pesa zilizotumwa hivi punde zina njia moja ya haraka: ule ujumbe wa kweli wa M-Pesa wa pesa ulizotuma, upeleke kwa 456. Safaricom huzuia zilizobaki kwa aliyepokea wakati wanaangalia. Dakika zina maana hapo. Zikishatolewa kwa wakala, sahau njia hiyo, ripoti tu nambari yake kwa kutuma ujumbe wake kwa 333, bila malipo.

Kumfundisha nyanya, usimpe hotuba ya mambo ya mitandao. Kaa naye na simu yake, umwonyeshe ujumbe halisi na ule wa uongo, mmoja juu ya mwingine. Wa halisi juu pameandikwa MPESA. Wa uongo juu pana nambari ya simu ya mtu, hata kama ndani umeandikwa sawasawa kabisa, pamoja na salio. Kama macho yamechoka na herufi ni ndogo, basi kazi moja tu: kabla ya kurudisha chochote, aangalie salio lake mwenyewe. Na akipigiwa na anayelia, ajibu, "Mwanangu, wapelekee 456 watakurudishia." Aliyekosea kweli hiyo itamsaidia. Tapeli atakata simu, au atatukana. Mmoja aliyenipigia mimi kibandani alitukana kwa Kiswahili safi sana, nikamsifu.

Kampuni ya simu ikiwa ni Safaricom, humpigia mteja kwa 0722000000. Mwandikieni nyanya hiyo kwa tarakimu kubwa ukutani karibu na kalenda, na chini yake nambari yako wewe, si ya baba.

*

Mimi ni wa boda boda Kakamega. Nilienda kuomba mkopo wa pikipiki, wakaniambia niko kwenye orodha ya wadaiwa ya CRB, shirika la taarifa za mikopo, kwa mkopo wa simu ambao sijawahi kuchukua. Kitambulisho changu kilipotea stendi miaka kadhaa iliyopita, nikachukua kingine lakini sikuripoti polisi. Nimekwisha? — Dereva

Hujakwisha, kijana wangu, ila utatembea. Aliyeokota kitambulisho alisajili laini kwa jina lako, akakopa kwa laini hiyo. Anza na *106# uone kama bado iko hai, na uikane.

Mashirika ya taarifa za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu ni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila mtu ana haki ya ripoti moja bure kwa mwaka, kwa hiyo usimlipe yule wa mjini anayesema "nitakusafishia jina kwa elfu mbili". Hasafishi kitu. Chukua ripoti, usome ni mkopeshaji gani aliyekuandika, tarehe gani, kwa nambari gani ya simu. Mara nyingi hiyo nambari pekee inamaliza kesi, kwa sababu hukuwahi kuitumia. Sasa nenda polisi upate abstrakti, ile hati yao ya kuonyesha umeripoti, ya kitambulisho kilichopotea, hata kama umechelewa, kisha upinge taarifa hiyo kwa maandishi kwa shirika lililoiandika na kwa mkopeshaji. Mkopeshaji akileta kiburi, kuna Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kutaka habari za uongo juu yako zirekebishwe au zifutwe, na malalamiko huko hayalipiwi. Aliyejifanya wewe naye ana kosa lake chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018: faini ya hadi Sh200,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Mtaje kwenye taarifa yako polisi hata kama hujui ni nani.

Usilipe huo mkopo ili "yaishe tu". Ukilipa, umekubali kwamba ni wako.

*

Ni kweli kwamba jambazi akikupeleka kwenye ATM, ukibonyeza PIN kinyume mashine huita polisi? Tumeambiwa kwenye kikundi chetu. — Section 58, Nakuru

Si kweli, na haijawahi kuwa kweli. Ujumbe huo niliukuta ukizunguka nikiwa bado kazini na bado haujachoka. Mwenye PIN ya 1221 angeibonyezaje kinyume? Mashine itakwambia tu kwamba PIN si sahihi, na jambazi yuko hapo nyuma yako anasoma. Mpe pesa, utoke hai, halafu piga simu benki. Na usiende kujaribu kwa mchezo uone kama polisi watakuja: ukikosea mara tatu kadi itafungwa, na Jumatatu utapanga foleni tawini nyuma ya wale wa pensheni.